Watu Sitini na Watatu Mgongoni mwa Lusungu

"Saba," alisema Lusungu Mtewele, akajipaka chaki viganjani.

"Tumesikia," wakamjibu waliokuwepo, wote kumi na wawili, bila hata mmoja kuacha alichokuwa akikifanya.

Ndiyo sheria ya jimu ya Kocha Kilasi, pale Njombe, kwenye lile ghala ambalo zamani lilikuwa la kukaushia mbao. Hugusi chuma kabla hujataja kwa sauti maumivu yako yamefika wapi, kutoka sifuri mpaka kumi, na wenzako wakakujibu kwamba wamesikia. Pole hakuna. Pole utaikuta nyumbani kwako, Kocha husema, imejaa tele, na imekulaza kitandani miaka mingapi? Maana hapo hawaji vijana wa kutunisha misuli ili wapige picha. Wanakuja watu wa nyonga zilizosagika, watu wa selimundu, watu wa migongo iliyokataa dawa zote. Wa kwanza wao ni Kocha mwenyewe, mwenye goti la bandia na kitambi ambacho kila mtu anakitania isipokuwa mke wake.

Lusungu alikuwa mtu wa mgongo. Miaka tisa nyuma, kwenye msitu wa kampuni moja ya mbao, roboti la kupakia magogo lilimkamata kiunoni, likamnyanyua, likampanga kwenye tela katikati ya magogo ya paina. Wenye mashine walijitetea kwamba lilikosea kwa sababu alikuwa amevaa koti la kahawia. Hebu fikiria! Mtu mzima, mama wa watu, anafananishwa na gogo kwa sababu ya koti. Pingili zilizovunjika ziliunga. Mshipa wa fahamu uliopita katikati yake haukuunga, na tangu siku hiyo kiuno kilikuwa kinawaka moto, akilala kinawaka, akiamka kinawaka, akicheka ndiyo usiseme.

Mwaka wa tatu wa mateso hayo Kituo cha Tulizo kikamwekea kitulizi, kidude cha ukubwa wa punje ya harage chini ya ngozi ya kiuno, kama walivyowekewa wengi mkoani. Walimwambia kitapunguza maumivu. Hakikupunguza kitu. Kilichomsaidia ni chuma.

Asikudanganye mtu kwamba chuma huondoa maumivu. Yanabaki palepale. Ila unapoinama, ukashika, ukavuta pumzi mpaka tumbo likakaza mkanda, kuna sekunde chache ambazo ni wewe unayeamua kipi kizito na kipi si kizito. Kwa mtu ambaye kila asubuhi mgongo wake ndio humwambia leo utakwenda wapi na hutakwenda wapi, sekunde hizo ni kitu kikubwa mno. Lusungu alianza na fimbo ya ufagio, akilia. Asubuhi ile ya Jumamosi mbele yake palikuwa na kilo mia moja na kumi, na alikuwa na furaha hata akajionea haya, kwa sababu Jumatatu, baada ya kuahirishwa mara tatu, alikuwa anakwenda hospitali ya mkoa kushonewa mshipa mpya uliooteshwa maabara kwa chembe za mwili wake mwenyewe. Jumatatu jioni, wamemwambia, atataja sifuri.

"Mbebe vizuri huyo, ndiye bwana harusi wako wa mwisho!" akamtania mama mmoja wa nyonga, akikionyesha chuma.

"Acha wivu," alisema Lusungu, akainama.

Hapo ndipo alipomwona mzee mlangoni. Alikuwa mzee mwembamba, kavaa suti iliyopigwa pasi, anaegemea magongo mawili, na upande wake wa kushoto umejikunja kama mtu aliyebanwa na kichomi. Hakusalimia. Alikuwa anaangalia saa ya mkononi.

Lusungu akavuta. Chuma kikang'oka sakafuni, kikapita magoti, kikafika mapajani, akasimama nacho wima.

Gongo la kwanza likaanguka. Pwaa! Kisha la pili.

Watu wote wakageuka. Yule mzee alikuwa amesimama katikati ya mlango bila kushika kitu chochote. Ule upande uliojikunja ulikuwa umekunjuka, mabega yamekaa sawa, machozi yanamtiririka mpaka kwenye kola. Lusungu akashusha chuma. Mzee akavuta pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo, akanyoosha kidole.

"Ni wewe," alisema. "Bwana wangu, kumbe kweli ni wewe."

*

Alijitambulisha kuwa Agatoni Luvanda, mwalimu mstaafu wa hesabu kutoka upande wa Makambako. Kocha alimpa benchi la kukalia, akampa chai, na akamtaka aseme haraka kabla watu hawajapata kichaa.

"Nilipata mkanda wa jeshi," Mwalimu Agatoni alianza. "Vidonda vilikauka, moto ukabaki. Miaka kumi na moja sasa, ubavu huu wote. Shati likinigusa napiga kelele. Miaka minne iliyopita wakaniwekea kitulizi. Wakaniambia nilale chali nisubiri, kitakuwa kinanituliza chenyewe. Na kweli, mwanangu, kikanituliza. Lakini si kila siku."

Akatoa daftari la shule kwenye mfuko wa koti, akalifungua. Kurasa zote zilikuwa zimejaa tarehe na saa kwa mwandiko wa kalamu nyembamba.

"Jumanne, Alhamisi, Jumamosi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati mwingine na dakika tano. Naona ubavu unapoa ghafla, na ubaridi ule unanichukua siku nzima, siku na nusu. Mwaka jana kuna wiki mbili haukuja kabisa. Nilitamani kufa, sikufichi."

Lusungu alizikumbuka wiki hizo. Mwaka jana alikaa wiki mbili bila kunyanyua. Alikuwa kwenye msiba wa mama yake.

"Juzi Alhamisi Kituo kikatupigia simu wote," mzee aliendelea. "Wakasema tulizo litakoma Jumatatu, tujiandae. Tujiandae vipi? Sisi wote sitini na watatu tujiandae na nini?"

"Sitini na watatu kina nani?" aliuliza Lusungu, ingawa alikuwa ameanza kuelewa.

"Tunaokutegemea wewe, mama."

Yule mama wa nyonga, ambaye mdomo wake haujawahi kukosa neno, alikaa chini sakafuni na chaki yake mkononi.

*

Saa tatu walikuwa Kituo cha Tulizo: Lusungu, Kocha na Mwalimu Agatoni, bado na nguo walizokuwa nazo. Daktari Tumpe Mwaipaja, binti mdogo tu aliyehamia pale miezi minne iliyopita, aliwaona wanaingia watatu kwa pamoja, akamtambua mzee, akafunga mlango wa ofisi taratibu. Mtu asiye na hatia hafungi mlango namna ile.

"Shikamoo, mwalimu. Dada Lusungu, kaa kwanza."

"Nikikaa naumia. Sema nikiwa nimesimama."

Basi akasema. Vitulizi havitulizi vyenyewe, alieleza, havijawahi. Mashine haijui kutengeneza tulizo. Mwili ndio unaojua. Mtu mwenye maumivu ya muda mrefu akijitwisha mzigo kwa hiari yake, kila wiki, kwa miaka, uti wa mgongo wake hujifunza kutoa wimbi la kuyafunika yale maumivu. Wanamichezo wazima walipimwa, hawakutoa kitu, kwa sababu hawana cha kufunika. Walipimwa wagonjwa mia mbili wanaonyanyua vyuma. Wimbi la mmoja tu lilikuwa na nguvu ya kusomwa, kunakiliwa na kurushwa hewani mpaka kwenye kitulizi cha mtu mwingine.

"Chako kimewekwa upande wa kutoa," Daktari Tumpe alisema. "Vyao upande wa kupokea. Ni kifaa kilekile."

"Na mimi?" Lusungu aliuliza. "Mimi nilikuwa napokea nini?"

"Wewe hupokei kitu."

Lo! Miaka sita. Miaka sita anaambiwa avumilie, kifaa kinahitaji muda kuzoeana na mwili. Alikuwa akiwashukuru. Kila Krismasi aliwapelekea maparachichi.

"Nani aliwaruhusu?" Kocha aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko kitambi chake, jambo ambalo wanaomjua wanaliogopa.

Daktari akageuza kioo cha kompyuta. Fomu ya idhini, ukurasa wa kumi na moja, mstari mmoja mwembamba: ishara za mwili wangu zinaweza kutumika kwa manufaa ya wagonjwa wengine. Chini yake palikuwa na dole gumba la Lusungu. Alilikumbuka. Siku ile alikuwa amelala kifudifudi, hawezi hata kugeuza shingo, na muuguzi alimshika mkono akambonyeza dole kwenye kioo.

"Bado sijamaliza," Daktari Tumpe alisema, na macho yake yalikuwa mekundu. "Ule upasuaji wako. Uliahirishwa mara tatu."

"Mashine ya kuotesha mishipa ilikuwa mbovu."

"Haikuwahi kuharibika, dada. Mshipa wako uko tayari kwenye jokofu tangu miaka mitatu iliyopita. Waliokuwepo kabla yangu waliamua. Ukipona, wimbi linakufa. Walipiga hesabu, mmoja kwa sitini na watatu, wakaona ni afadhali uendelee kuumwa. Mimi nilipoliona faili nikakurudisha kwenye orodha siku ileile, nikawapigia wale wengine simu. Sikujua nikuambieje wewe."

Lusungu alishika meza kwa mikono miwili, kama anavyoshika chuma, na meza ikasogea na kila kitu kilichokuwa juu yake, na kikombe cha daktari kikaanguka. Miaka mitatu! Kwa miaka mitatu alikuwa akiamka saa kumi alfajiri kuanza kujinyoosha ili saa kumi na mbili aweze kutembea. Kwa miaka mitatu hakumbeba mjukuu wake, na mtu alikuwa anajua, mtu alikuwa anakunywa chai katika ofisi hii na anajua.

Aligeuka akamtazama Mwalimu Agatoni. Alitaka kumchukia. Mzee alikuwa amesimama bila magongo, wima, msafi, ubavu wake umepoa kwa chuma cha asubuhi ile, na hakuweza kumtazama usoni.

"Umekuja kuniambia nisiende Jumatatu," Lusungu alisema.

"Nimekuja kukuona," mzee alijibu. "Kukuomba sina mdomo wa kukuomba. Lakini kuna binti Ludewa mwenye selimundu, tunapigiana simu. Kuna baba wa Wanging'ombe alijaribu kujinyonga kabla ya kupata kitulizi. Ningekuwa mwongo nikisema sijawafikiria."

Hapo Lusungu akakaa, maumivu au siyo. Kisha akauliza swali moja, na Daktari Tumpe alisema baadaye kwamba hakuna aliyewahi kuliuliza katika jengo lile.

"Hawa walioambiwa walale chali wasubiri. Nani aliwahi kuwashikisha chuma?"

"Hakuna."

"Sasa mnajuaje kwamba hawana wimbi lao? Kama kifaa ni kilekile, kigeuze. Cha mwalimu kitoe, changu kipokee. Akiweza, basi watapeana wenyewe kwa zamu, leo huyu, kesho yule, na mimi nitakwenda kushonwa nikapone, na dhambi isiwe ya mtu."

"Wewe ulichukua miaka," daktari alisema. "Yeye atatoa kidogo sana."

"Kidogo kitanitosha kujua."

*

Wakakubaliana Jumapili mchana, baada ya ibada. Kocha alifunga jimu kwa wengine wote. Daktari Tumpe alikaa ukutani na kishikwambi chake magotini, akavigeuza vitulizi viwili kwa kidole kama mtu anayebadilisha idhaa ya redio. Mwalimu Agatoni alikuwa amevua koti la suti. Tulizo la Jumamosi lilikuwa limekwisha na upande wake wa kushoto ulikuwa umejikunja tena.

"Namba?" Kocha alimuuliza.

"Nane."

"Tumesikia. Lusungu?"

"Nane na mimi. Sijalala."

Walimpa kile chuma chembamba cha kufundishia wageni, kilo kumi kamili. Lusungu akamwonyesha miguu ikae wapi, mgongo uwe vipi, pumzi ivutwe saa ngapi. Alikuwa mwalimu mzuri, na mzee alikuwa mwanafunzi mzuri. Kwa dakika chache walisahau kwa nini wapo pale, wakawa wanabishana juu ya magoti.

"Kitu cha mwisho, baba," Lusungu alisema. "Ukishasimama nacho hushushi mwenyewe. Unasubiri anayekusimamia aseme 'chini'. Ni sheria ya mashindano, na hapa Kocha anaitaka hata mazoezini, kwa sababu wengi wetu tukiachiwa tunakitupa mapema kwa woga. Mimi nitasimama mbele yako. Nitazame mdomo."

"Nimeelewa, mama."

Kocha akasimama nyuma ya mzee, mikono tayari. Mwalimu Agatoni akainama. Alipovuta, shati lilimbana ubavuni, na sauti iliyomtoka haikuwa sauti ya mtu mzima. Lakini alivuta. Kilo kumi zile zilipanda polepole, zikapita magoti, akasimama nazo, miguu ikitetemeka, macho yake yamekaza kwenye mdomo wa Lusungu.

Na Lusungu akapoa.

Tulizo halikuja kidogo kama daktari alivyosema. Lilianzia kiunoni likapanda, ubaridi, kama maji ya kisimani yanavyopita koo lenye kiu, na ule moto wa miaka tisa ukazimika. Ukazimika wote! Yesu wangu, ndivyo kulivyo? Ndivyo watu wengine wanavyoishi siku zote, wanapika, wanafua, wanapanda ngazi hivi hivi? Alisikia mabega yake yanashuka. Alisikia harufu ya mbao za zamani kwenye kuta, ambayo kwa miaka sita hakuwahi kuisikia, kwa sababu mtu anayeungua hanusi kitu. Sifuri. Hakuwa akikumbuka kwamba sifuri iko hivyo.

Mbele yake mzee alikuwa anatetemeka mpaka meno yanagongana. Jasho lilikuwa linamwingia machoni na hakupepesa, aliendelea kuutazama mdomo wake. Lusungu alimwona. Hilo ndilo alilolisema baadaye bila kujitetea: alimwona vizuri kabisa. Neno lilikuwepo, lilikuwa ulimini, neno fupi tu la kumtua mzee wa watu. Akaona, ngoja kidogo. Kidogo tu. Nimesubiri miaka tisa, na yeye amekunywa kwangu miaka minne, hawezi kunivumilia kidogo?

"Mama," mzee alinong'ona. "Mama, tafadhali."

Kidogo tena.

"Lusungu!" Kocha alipiga kelele. "Chini! Shusha, mzee, shusha! Chini!"

Chuma kikaanguka kwa kishindo. Kocha akamdaka Mwalimu Agatoni chini ya makwapa kabla hajafika sakafuni, akamlaza kwenye mkeka, akimtukana Lusungu kwa Kibena, kitu ambacho hakijawahi kutokea.

"Sekunde kumi na tisa," alisema Daktari Tumpe kutoka ukutani. Alikuwa anatazama kishikwambi, si watu. "Dada Lusungu, unaelewa kilichotokea? Ametoa! Mara ya kwanza tu, na ametoa karibu nusu ya wimbi lako! Wanaweza. Wanaweza kupeana zamu, kila mtu ana…"

"Uliniona?" Lusungu alimkatiza.

"Nilikuwa nasoma wimbi."

"Nitazame. Uliona nilichofanya? Nilikuwa najua anaumia. Nimemnyima neno moja, kwa makusudi."

Daktari akasema kwa upole kwamba hilo lina dawa, muda utawekwa kwenye mtambo, mtambo wenyewe utasema chini, binadamu hatakuwa na nafasi ya kuchelewa.

"Mtambo unaowekwa na nani? Na hawa walioniahirisha mara tatu?"

Lusungu alipiga magoti kwenye mkeka, akapiga magoti hivi hivi, bila kushika ukuta, bila kugugumia. Mpaka wakati huo kiuno kilikuwa bado kimenyamaza, na kunyamaza huko kulikuwa kutamu, na utamu wenyewe ulimtisha kuliko kitu chochote alichosikia tangu Jumamosi. Aliushika mkono wa mzee. Ulikuwa na baridi.

"Nisamehe, baba. Sina cha kusema. Nisamehe."

Mwalimu Agatoni alikuwa anahema. Alipopata sauti, alicheka, kicheko kibaya, kikavu.

"Unaniomba mimi msamaha? Ngoja nikuambie, kwa sababu hii siwezi kuondoka nayo. Jana sikukupata kwa bahati. Mwaka juzi, siku ya mashindano ya mkoa, nilikuwa nasikiliza redio. Haikuwa Jumanne wala Alhamisi, na saa ilikuwa kumi ya jioni. Mtangazaji akasema, Lusungu Mtewele wa Njombe anashika chuma, anavuta, amesimama nacho. Na ubavu wangu ukapoa papo hapo. Ukashika mara tatu siku ile, nikapoa mara tatu. Mimi ni mtu wa hesabu, mama. Nililijua jina lako tangu siku hiyo."

Lusungu aliuachia mkono wake.

"Mwaka juzi?"

"Mwaka juzi. Nilijua pia kwamba unaumwa, kwa sababu mtangazaji alisema, mwanamke huyu jasiri mwenye maradhi ya mgongo. Nilijua pia kwamba huambiwi kitu, maana ungeambiwa tungeshakusikia. Safari ya kuja hapa ni ya saa moja tu. Nikakaa kimya. Niliogopa ukijua utaacha. Nilikuwa nikikuombea kila jioni, unajua? Nilikuwa nasema, Bwana, mpe nguvu Lusungu."

Kocha alikwenda mlangoni akasimama akiwapa mgongo. Nje kengele ya ibada ya pili ilikuwa inalia na watu wanapita wakisalimiana, kamwene, kamwene. Lusungu alijaribu kukasirika. Jana angeweza, jana angemnyanyua mzee huyu kwa kola ya shati lake la pasi. Leo alitafuta hasira mwilini mwake mzima asiione, kwa sababu kila alipofika palikuwa na zile sekunde kumi na tisa. Miaka miwili ya mzee na sekunde zake zilikuwa kitu kimoja. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na Kocha wa kupiga kelele.

"Daktari," alisema. "Virudishe vyote viwili sifuri. Visitoe, visipokee. Sasa hivi, nikiwa naona."

"Maumivu yatarudi, dada. Na yeye hatapokea tena kwako…"

"Najua yatarudi. Halafu leo hii uwapigie simu wale wote. Uwaambie lile tulizo lilikuwa la nani na lilipatikanaje, usiwafiche hata nukta. Uwaambie Jumatatu linakoma kama ulivyosema. Anayetaka kujifunza chuma aje hapa, Kocha atampokea. Aje na maumivu yake, anyanyue kwa ajili ya mwili wake. Mimi nilianza na fimbo ya ufagio."

"Wengine hawataweza," Daktari Tumpe alisema.

"Ndiyo. Wengine hawataweza." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Nitakufa nikiwa najua hivyo."

Daktari aligusa kioo mara mbili. Moto ulirudi kiunoni kama mlango unavyofunguliwa kwa teke, na Lusungu akaguna, akashika sakafu kando ya mzee aliyekuwa bado anahema. Walikaa hivyo mpaka pumzi zikatulia.

"Kwa hiyo unakwenda," alisema Mwalimu Agatoni. Hakuwa analalamika. Alikuwa anataka kujua, kama mwalimu anayesubiri jibu la mwisho ubaoni.

"Nakwenda. Nisipokwenda kesho, baba, keshokutwa nitakushikisha chuma tena, na sitasema chini."

Mzee akainamisha kichwa.

"Najua," alisema. "Hata mimi nisingesema."